Vifaa vya dharura kwa safari ya kayaki Ziwa Tanganyika: nini ununue kwanza

Wengi wanaojiandaa kupiga kafi kutoka Kigoma kwenda Hifadhi ya Mahale huanza na begi. Hununua kiboksi kilichokwisha kupangwa dukani, kina ndoana, dira ndogo na waya wa msumeno, wanakisukumia nyuma ya kiti na kuona wamemaliza. Mimi nakushauri kiboksi hicho ukiache. Kayaki ikipinduka na kukuponyoka, upepo huikimbiza kuliko hata muogeleaji hodari anavyoweza kuifuata, na kila kilichofungwa ndani kinaondoka nayo. Kwa hiyo nimevipanga vifaa kwa kuuliza jambo moja tu: chombo kikikuacha, hiki kitabaki nawe?

Ziwa lenyewe linadai swali hilo. Lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika karibu mita 1,470. Duniani ni Baikal pekee lenye kina zaidi. Mahale iko takriban kilomita 130 kusini mwa Kigoma, na sehemu kubwa ya ufuko njiani ni miamba na msitu. Wageni hupenda kiangazi, Mei hadi Septemba, kwa kuwa hakuna mvua, lakini ndio msimu wa upepo wa kusi, na ukielekea Mahale unakupiga usoni. Maji ni ya uvuguvugu, nyuzi 25 hivi, na hapo ndipo watu hujidanganya. Maji hunyonya joto la mwili haraka mara 25 hivi kuliko hewa. Ukikaa humo saa kadhaa utatetemeka, na vidole vitakataa kufungua zipu.

Cha kwanza: jaketi okozi na mifuko yake

Hapa usibane pesa. Chagua jaketi la kupigia kafi, lenye matundu mapana ya mikono, mgongo mfupi usiogombana na kiti, na angalau mifuko miwili ya zipu kifuani. Lebo iseme nyutoni 50 au zaidi (kipimo cha nguvu ya kukuelesha), kiwango cha ISO 12402-5, ambacho ni cha mtu anayejua kuogelea. La nyutoni 150 humgeuza aliyezimia uso ukaangalia juu, lakini ni nene na linabana mikono. Yale ya rangi ya machungwa yenye kola kubwa wanayopewa abiria wa maboti ni chaguo langu la mwisho. Hayana ubaya kwa abiria aliyekaa, ila mpiga kafi atalivua baada ya nusu saa na kulikalia.

Lijaribu dukani. Livae, kaza mikanda yote, kisha mwambie mwenzako ashike mabega ya jaketi na kuyavuta juu kwa nguvu. Likifika masikioni, ni kubwa. Majini litapanda hivyohivyo na kukuziba mdomo.

Mifukoni weka kipenga cha plastiki kisicho na gololi ndani, kwa sababu chenye gololi hukwama kikiingia maji. Fox 40, iliyotoka Kanada mwaka 1987, ndiyo inayojulikana zaidi na bei yake si kubwa. Ongeza kisu kifupi chenye ncha butu cha kukatia kamba, kioo cha ishara, na taa ndogo ya kumulika kwa kuwakawaka isiyoingiza maji. Kila kimoja kifungwe kwa uzi kwenye jaketi. Mkono uliokufa ganzi huangusha vitu, na kitakachozama hapo hutakiona tena.

Hiyo taa ina thamani ya pekee Tanganyika. Usiku ziwa hujaa taa za wavuvi wa dagaa, na hao ndio watakaokufikia mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Ila mbalamwezi ikiwa kubwa taa zao hazivuti dagaa, nao hupumzika. Vilevile mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, katikati ya kiangazi hichohicho cha wasafiri. Kabla ya kuchagua tarehe, uliza mwaloni Kigoma kama wavuvi watakuwa majini.

Cha pili: njia ya kuita msaada

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kununua kizuri cha mahali pengine. Nimevipanga kwa ziwa hili.

Juu kabisa naweka kifaa cha ujumbe wa setilaiti, kama Garmin inReach, kinachotumia mtandao wa Iridium. Kinatuma na kupokea maandishi mahali pasipo mnara wa simu. Unalipia kifurushi kila mwezi, na hilo linaudhi, lakini faida yake ni mazungumzo. Unaweza kumwandikia ndugu aliyebaki Kigoma kwamba kayaki imepasuka, hamjaumia, mko ufukweni, tafuteni boti. Yeye ndiye atakayempigia mwenye boti au askari wa hifadhi. Huku msaada hutembea kwa simu za watu wanaofahamiana, na kifaa kinachokuwezesha kueleza kina uzito kuliko kinacholia tu.

Nafasi ya pili ni bikoni ya dharura, kifaa kidogo kinachorusha ishara ya kuomba msaada, ya masafa ya megahezi 406, inayosikika kupitia Cospas-Sarsat, mfumo wa setilaiti za uokoaji ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti mwaka 1979. Haina ada ya mwezi, betri hukaa miaka mitano au zaidi bila kuguswa, na ikiwashwa hurusha ishara saa 24 au zaidi. Kwa anayevuka bahari wazi ningeiweka ya kwanza. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: imepangiwa msimbo wa nchi gani, na utaisajili wapi. Isiposajiliwa, waokoaji wataipata ishara bila kujua ni ya nani wala wampigie nani. Angalia pia kama inaelea. Nyingine huzama zikitolewa kwenye kifuko chake.

Simu ya kawaida ndani ya kifuko kisichoingiza maji ni ya tatu, nayo usiidharau, kwani karibu na vijiji vikubwa vya ufukweni mtandao hupatikana. Jaribu kifuko kwa kutia karatasi ya choo ndani na kukizamisha kwenye ndoo usiku mzima. Redio ya VHF naiweka chini. Baharini chaneli 16, ya kuitia msaada, ina wasikilizaji, lakini huku wavuvi wengi hawana redio, na ukiwa umekaa usawa wa maji mawimbi yake hayafiki mbali.

Chochote utakachochagua kati ya hivi kikae kifuani, kamwe kisiingie kwenye begi.

Cha tatu: vya kukurudisha chomboni

Boya la kafi (mfuko wa hewa unaovikwa kafi ili likuegemeze unapopanda tena), pampu ya mkono ya kutoa maji, kafi la akiba la vipande viwili lililofungwa juu ya kayaki, na kamba ya kuvutana ya mita 10 hadi 15. Vinunue pamoja na ujifunze kuvitumia kwenye maji ya kina kifupi kabla ya safari. Kwa nyufa, tepu ya lami yenye alumini juu, ile ya kuzibia mabati, inapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi na hushika vizuri ukikausha pale pa kubandika.

Cha nne: begi

Sasa ndipo begi. Mfuko usiopitisha maji wa lita 10 unatosha. Ukunje mdomo mara tatu au zaidi baada ya kuutoa hewa.

Maji ya Tanganyika ni maangavu mno, na uangavu huo hauzuii kipindupindu wala kichocho. Kwa dharura nachagua vidonge vya klorini kuliko chujio, kwa kuwa ni vyepesi, bei nafuu, na huua hata virusi ambavyo vichujio vingi vya mkononi hupitisha. Soma pakiti. Vya miligramu 67 ni vya ndoo ya lita 20, kwa hiyo kwa chupa tafuta vidogo, na usubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Mengine: viberiti viwili vya gesi katika vifuko tofauti na pamba iliyopakwa vaselini, turubai jepesi, blanketi la karatasi ya alumini, tochi ya kichwani, ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini), bandeji, kipimo cha malaria na dawa ya mseto. Turubai litakufaa zaidi ya hema la dharura, kwa sababu hata jua la mchana huumiza. Ukilala ufukweni, usilitandike kwenye njia za viboko. Zinajulikana kwa nyasi zilizoliwa hadi chini na kinyesi kilichotapanywa.

Fataki za ishara sizipi nafasi hapa. Ya mkononi huwaka kama dakika moja tu, muda wake hupita baada ya miaka mitatu hivi, na ukija Kigoma kwa ndege hutaruhusiwa kupanda nazo. Pesa hizo ziongeze kwenye kifurushi cha setilaiti.