Kukodi baiskeli Malindi hadi Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke: uzoefu wangu

Nimekodi baiskeli hapa Malindi wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, na njia ninayoiandikia ni ile inayotoka mjini kufuata barabara kuu ya Mombasa hadi Gede, ikaingia msituni Arabuko-Sokoke, kisha kurudi. Kwa ufupi: baiskeli naipa nyota tatu kati ya tano, msitu tano, barabara mbili, na hizo mbili ni kwa sababu lami ya katikati ni nzuri. Ubaya wa safari hii uko pembeni, pale lami inapoishia. Hapo ndipo watu wanapoangukia, na hela yoyote ya kuboresha njia za baiskeli upande huu ingefaa ianzie hapo, kabla ya kusimamisha vibao vyenye picha ya baiskeli.

Nianze na baiskeli. Duka nililokodi liko upande wa ufuoni na hutoa baiskeli za gia, ringi za inchi 26, tairi za 2.1. Chaguo hilo ni sahihi. Wengine watakupa Black Mamba, ile ya ringi 28 na tairi ya inchi moja na nusu, na kwa mzigo haina mpinzani, lakini tairi yake nyembamba huzama mchangani, na ringi zake za chuma zikilowa breki hazishiki mpaka maji yafutike. Kwa lami tupu na mitungi ya maji chukua Mamba. Kwa msitu, iache.

Kabla hujatoa pesa, ikague pale pale dukani. Ni kazi ya dakika tano. Bana breki ya mbele, kisha isukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kugonga kwenye shingo ya usukani, golori zimelegea au zimekwisha. Shika mkono wa pedeli uutikise kwenda ubavuni. Ukicheza, ekseli ya katikati inataka kukazwa, na kwenye mchanga itazidi kuharibika ukiwa njiani. Inua gurudumu ulizungushe ukitazama nafasi kati ya ringi na raba za breki: likiyumba kupita milimita tatu hivi, kuna spoki zilizolegea, na unaweza kuzijua kwa kuzibana mbili mbili kwa vidole. Cheni ivute kwa kidole kutoka mbele ya gia kubwa. Ikinyanyuka hadi ukaona nusu ya jino, imevutika, nayo itaruka pale pale unapokanyaga kwa nguvu, yaani kwenye kilima au unapovuka barabara. Kiti kipandishe mpaka kisigino kikikanyaga pedeli iliyo chini kabisa mguu uwe umenyooka. Baiskeli za kukodi huwekwa kiti chini ili zimfae kila mtu, ndiyo maana watu hurudi wakilalamikia magoti.

Kasoro kubwa ya baiskeli za hapa ni chumvi. Upepo wa bahari huingia kwenye mpira wa nje wa waya wa breki, waya unashika kutu ndani, na ukiachia breki mkono haurudi upesi. Mwenye duka atakwambia "ni kukaza tu". Kukaza hakusaidii, waya na mpira wake vibadilishwe vyote viwili, maana waya mpya ndani ya mpira wenye kutu hukwama baada ya muda mfupi. Na wanaoosha baiskeli kwa maji ya kisima waache: visima vingi vya karibu na ufuo ni vya maji ya chumvichumvi. Tumia maji ya bomba, yale yanayotoka kwenye visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, halafu kausha cheni kwa kitambaa na utie tone moja la mafuta kwa kila kiungo. Mafuta mengi hubeba mchanga, na mchanga ndani ya cheni ni msasa.

Nyota niliyoinyima duka zaidi ni ya vifaa vya pancha. Walinipa pampu ya valvu nyembamba na baiskeli ina valvu nene kama ya gari, na solusheni (gundi ya kubandikia viraka) iliyokuwa imeganda ndani ya tyubu yake. Hiyo ni sawa na kutopewa kitu. Solusheni ikishafunguliwa, kwa joto letu haikai. Nunua ndogo mpya, ni vishilingi tu. Wageni wanaokuja na baiskeli zao za valvu nyembamba wabebe kichwa cha kubadilishia, kwa sababu mafundi wengi wa barabarani na vituo vya mafuta wana pampu ya valvu nene.

Mbigili ndiyo adui. Ukipata pancha, usikimbilie tyubu. Kwanza tafuta kilichotoboa. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima, kitanasa kwenye mwiba. Usipoutoa, kiraka chako kitadumu mita mia. Toa upepo wote, sugua tyubu kwa msasa mpaka ipoteze mng'ao sehemu iliyo kubwa kuliko kiraka, futa vumbi, paka solusheni nyembamba, ngoja. Watu wengi wanakosea hapa: wanabandika ingali mbichi. Subiri kama dakika tano, mpaka solusheni isimeremete na kidole kisinase, ndipo ubandike na ubane kwa nguvu kutoka katikati kwenda kingo. Kuna dawa ya maji ya kuziba pancha inayomiminwa ndani ya gurudumu, nayo inafanya kazi kwa mbigili, ila hukauka upesi kwenye joto. Ikitiwa leo, ihesabiwe miezi miwili au mitatu kisha iongezwe. Haizibi mpasuko wa ubavuni. Karibu na Gede na Mida kuna mawe ya matumbawe yenye makali, na yakichana ubavu wa tairi, dawa yake ni kipande cha tairi kuukuu, kama sentimita tano kwa tano, kiwekwe ndani kati ya tairi na tyubu. Kinakufikisha nyumbani.

Sasa barabara. Kutoka mjini hadi Gede ni kama kilomita 16. Ukishapita uwanja wa ndege, tuktuk hupungua na malori huongezeka, yakiwemo ya chumvi yanayotoka upande wa Gongoni na Marereni kwenda Mombasa. Yanakujia nyuma yakiwa yamejaa, na lori lililojaa haliwezi kukupisha kwa ghafla wakati basi linakuja mbele. Utalazimika kushuka pembeni. Na huko pembeni kuna ngazi: lami iko juu, ardhi iko chini.

Ngazi hiyo haikujengwa na mtu, imejitengeneza. Barabara ina mgongo katikati, kwa hiyo maji ya mvua hukimbilia kando na kubeba murramu, ule udongo wa changarawe wa pembeni. Matatu zikichomoka kuchukua abiria zinaichimba zaidi. Halafu linakuja tabaka jipya la lami, la sentimita tano, likamwagwa juu ya la zamani bila pembeni kuinuliwa, na ngazi ikapanda tena. Sehemu nyingine inafika urefu wa kiganja, na kando yake lami imemeguka meno meno.

Ukishatumbukia chini, usijaribu kupanda kwa kutambaa sambamba na ukingo. Gurudumu la mbele litausugua, usukani utakataa kugeuka, nawe mwili umeshaegemea upande wa lami; utaanguka ndani ya barabara, pale pale malori yanapopita. Baki chini. Punguza mwendo, tazama nyuma, tafuta mahali ambapo ukingo ni chini ya vidole viwili, jitenge nao kidogo kisha uupande kwa pembe ya nyuzi 45 au zaidi, ukiinua usukani kidogo gurudumu linapogusa. Kama nyuma kuna lori, shuka utembee. Hakuna aibu.

Kuutengeneza ukingo huo si kazi ya ajabu, ila ifanywe ipasavyo. Murramu imwagwe kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15, inyunyiziwe maji na kushindiliwa kila tabaka, na uso wa juu uinamie nje kwa asilimia 4 au 5, zaidi ya mwinamo wa lami yenyewe, ili maji yasisimame pale zinapokutana. Nimeona inavyofanywa kwa koleo na kuachwa hivyo: mvua za masika zinapokwisha, shimo limerudi. Bora zaidi, lami inapomwagwa ikiwa moto, mwisho wake ulazwe kwa mteremko wa nyuzi 30 badala ya kukatwa wima. Marekani hufanya hivyo kwa kufunga kibao maalumu kwenye mashine ya kumwagia lami, na pembeni ikiliwa baadaye, gurudumu bado linapanda. Kwa kuwa barabara hii ni ya serikali kuu na si ya kaunti, malalamiko yanayopelekwa kwa kaunti huzunguka tu. Yaandikwe kwa mwenye barabara, yakiwa na picha, kimo kilichopimwa kwa rula na jina la stendi iliyo karibu.

Matuta nayo yana kasoro yake. Mengi huishia kabla ya kufika mwisho wa lami, boda boda zikapenya kwenye mwanya huo huo unaotegemewa na baiskeli, na mchanga hujikusanya hapo. Ukifika kwenye tuta, pita juu yake. Inachosha, lakini huko kando unaweza kukutana na pikipiki inayokuja kinyume.

Upepo uupangie. Wakati wa kusi utakuwa nao usoni ukielekea Gede na utakusukuma ukirudi, mpango mzuri. Kaskazi ni kinyume, na mchana huzidi nguvu, kwa hiyo unarudi umechoka na upepo unakupiga. Toka saa kumi na mbili asubuhi. Kurudi, uwe umeondoka Gede kabla ya saa kumi, kwani jua letu halina jioni ndefu. Likishazama, giza ni la mara moja, na taa ndogo za baiskeli za kukodi zinamsaidia dereva kukuona tu, ukingo huuoni.

Lango la msitu liko mbele kidogo ya njia panda ya Watamu, upande wa kulia ukitoka Malindi. Usisubiri nafasi ukiwa katikati ya barabara. Simama kushoto, shuka, vuka kwa miguu.

Msitu wenyewe, wa kilomita za mraba 420 hivi, hubadilika chini ya tairi kadiri aina ya miti inavyobadilika. Upande wa mashariki, wenye miti mchanganyiko, mchanga ni wa kijivu na umeshikana kiasi. Ukifika kwenye miti ya mirihi (Brachystegia), mchanga ni mweupe na mlaini. Hapo punguza upepo wa tairi hadi psi 20 au 25 (kwenye lami zilikuwa 40), weka gia nyepesi kabla hujaingia, rudisha uzito nyuma na usikate kona. Ukikata, gurudumu la mbele linajichimbia. Magharibi zaidi udongo ni mwekundu. Ukikauka ni mtamu kuliko lami, ukilowa unajaza nafasi yote kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma. Siku moja ya jua baada ya mvua haitoshi kila mara. Muulize askari wa langoni.

Muulize pia kuhusu ndovu. Wapo, na baiskeli huenda kimya, ndiyo hatari yake: unawafikia kabla hawajakusikia. Piga kengele kabla ya kona zilizofunikwa na vichaka. Ukiona kinyesi kibichi na matawi yaliyovunjwa sasa hivi, geuza. Ukiwaona wenyewe, simama, usipige kengele tena, rudi ulikotoka taratibu. Mchangani hutaweza kuwakimbia.

Kufungia baiskeli ni shida upande huu wote. Vyuma vya kufungia, pale vilipo, mara nyingi ni vile vya kuchomeka gurudumu moja, na baiskeli ikisukumwa ubavuni ringi inapinda. Kinachotakiwa ni bomba lililokunjwa mfano wa U iliyopinduliwa, kimo cha sentimita 75 hadi 80, likamate fremu na gurudumu kwa kufuli moja, na bomba hadi bomba pawe na mita moja. Liwe la chuma kilichopakwa zinki. Rangi peke yake huku haifiki mbali, inavimba na kumenyeka kwa kutu.

Na kwa wanaopanga njia za baiskeli mjini: wanaoendesha zaidi ni wauza maji, wauza madafu na wabeba makaa, watalii baadaye. Nguzo za kuzuia matatu zikiachiwa sentimita 90, baiskeli yenye mitungi pande mbili haipiti, na mwenyewe atarudi barabarani. Ziachiwe mita 1.2 hadi 1.5, zipakwe rangi inayong'aa usiku, na isiwekwe hata moja kwenye kona au mwisho wa mteremko.

Unapokodi, piga picha baiskeli mbele ya mwenye duka, hasa ringi na mikwaruzo, na upatane mapema nani analipa tyubu ikitoboka. Kitambulisho usikiache, toa amana uandikiwe risiti. Mimi nitakodi tena pale pale, ila pampu na solusheni nitakuja nazo.