Makumbusho ya Nezu au Makumbusho ya Taifa ya Tokyo: uende wapi?

Swali hili haliwaishi wanaofika Tokyo wakiwa na nusu siku tu. Kwa bei, Makumbusho ya Taifa pale Ueno ni nafuu zaidi, na kwa wingi wa vitu Nezu haifui dafu: Makumbusho ya Taifa yalianza 1872, na hazina yake inapita vitu 100,000. Sehemu kubwa unaruhusiwa kupiga picha. Lakini miguu itauma.

Nezu, iliyofunguliwa 1941, ilitokana na mkusanyo wa Nezu Kaichirō, tajiri wa reli. Mwanawe ndiye aliyetimiza wosia wake kwa kuifungua. Vitu hutolewa kwa zamu, hivyo unachokitamani huenda kiko stoo. Kumbini kamera marufuku. Hata hivyo moyo wangu uko hapa. Kwa kawaida Aprili hadi Mei huonyeshwa viwambo vya kukunja vya mchoraji wa Kijapani Ogata Kōrin: maua ya buluu juu ya dhahabu tupu, bila maji wala anga. Ukitoka nje kwenda bustanini, unayakuta maua yenyewe yamechanua kando ya bwawa.

Una watoto, au ndiyo mara ya kwanza? Ueno. Unapenda vyombo vya chai na utulivu? Nezu, ila kata tiketi mapema mtandaoni. Jumatatu kote huwa kumefungwa.