Kabla hujanunua springi ya kuzibulia sinki, ikunje kwanza

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana: springi imenunuliwa Kariakoo, ikaingizwa kwenye sinki, ikagoma kwenye kona ya kwanza na kutoka imejisokota kama waya wa simu ya mezani. Wote waliuliza urefu. Hakuna aliyeuliza kama katikati ya springi kuna kiini.

Shida iko hapo. Springi iliyo tupu ndani, ukizungusha mpini, nguvu haifiki kwenye ncha. Ncha inakaa palepale kwenye mafuta yaliyoganda, huku kipande kilicho nje kinajikunja, kinaruka na kukuchapa kiganja. Yenye waya wa pili ndani hupita kwenye trapu, ile kona ya bomba chini ya sinki, na ncha ikazunguka kweli. Ukiwa dukani, ikunje duara la ukubwa wa kisosi, kisha iachie. Isiponyooka, mrudishie mwenyewe.

Kati ya vifaa vya kuzibulia, namba moja kwangu ni Ridgid Power Spin+, springi ya kuzungusha kwa mpini, na naipendelea waziwazi. Waya wake wa mita 7.6 umo ndani ya ngoma, haukunjiki hovyo, na ukibana kishikio huku unazungusha, unaingia wenyewe. Kuutoa ni vivyo hivyo, ila unazungusha kinyume, mikono haishiki uchafu. Inafaa mabomba ya sinki na bafu yasiyozidi inchi moja na nusu. Choo kina kifaa chake.

Namba mbili ni plunja ya mdomo bapa, ile ya mpira yenye mpini. Ziba lile tundu la juu la sinki kwa kitambaa kilicholowa, la sivyo unasukuma hewa tu. Kijiti cha plastiki chenye meno kinatoa nywele za bafuni, lakini hukatika upesi.

Mwisho kabisa ni dawa za kumimina. Kostiki soda, iliyomo kwenye nyingi ya dawa hizi, ikikutana na maji hutoa joto kali, wakati bomba la PVC halitakiwi kupitisha maji ya zaidi ya nyuzi 60 hivi. Na kama umeshamwaga Jik, usiongeze asidi: itatoka gesi ya klorini. Kinachoniudhi ni wauzaji wanaopima dawa hizi kwenye chupa za maji ya kunywa, bila lebo, na kuzipanga chini, usawa wa mkono wa mtoto. Hao hao hawataki ufungue pakiti uijaribu springi, na bei inapanda wakiona umeshika ufunguo wa gari. Fedha ni yako, pakiti ifunguliwe mbele yako. Akikataa, nenda duka la pili.