Nembo nzuri, faili la ovyo

Mstatili mmoja, na X katikati. Hicho ndicho kilichotokea nilipolifungua kwenye Illustrator, programu ya kuchorea, faili la nembo ya asali yangu niliyoilipia kwa dola kwenye mtandao wa mashindano ya dizaini, na kubonyeza Ctrl na Y. Anayezijua kazi hizi ameshaelewa, naona anatikisa kichwa. Kwa wengine: amri hiyo huondoa rangi zote na kuacha mistari mitupu. Nembo iliyochorwa kwa vekta, yaani kwa mistari inayokuzwa bila kuharibika, itaonyesha maumbo yake, herufi moja moja, jani, duara. Mstatili mtupu kama huo maana yake hakuna umbo lolote mle ndani, kuna picha imebandikwa. Mtu amechukua PNG, picha ya kawaida ya vijiraba vya rangi, ameitumbukiza kwenye ukurasa mtupu, ameihifadhi kwa mkia wa .ai, ule wa mafaili ya Illustrator, na mtandao umemlipa.

Aliyegundua kwanza ni fundi wa kuchapa fulana Kariakoo. Yeye anahitaji kutenganisha rangi, kila rangi na skrini yake, na nembo ya rangi tatu ni skrini tatu. Picha yenye kingo za ukungu ina vivuli mamia. Akaangalia sekunde kumi: "Bosi, hii umeniletea picha. Lete faili la kazi."

Nikawaandikia huduma kwa wateja wa huo mtandao (jina naliacha, wenyewe wanajijua). Jibu: mafaili umeshayaidhinisha, muamala umefungwa. Halafu mwishoni wakaweka kile kikatuni cha tabasamu. Hicho kikatuni ndicho kilichonifanya niandike haya yote.

Mashindano haya ya dizaini yanakwenda hivi. Unaandika maelezo ya kazi, unaweka zawadi, madizaina kutoka pembe zote za dunia wanaleta michoro kwa siku kadhaa, unachuja wachache, wanarekebisha, unamtangaza mshindi. Watu wengi wanadhani hapo kazi imekwisha. Kumbe hatua yenye pesa ndiyo inayofuata, ya kukabidhiana mafaili. Unapewa siku chache za kukagua, ukinyamaza mfumo unajiidhinishia wenyewe. Mimi sikunyamaza, nilibonyeza "nakubali" baada ya kutazama PDF kwenye simu. Kwenye simu kila kitu ni kizuri. Kwa hiyo nusu ya kosa ni langu, sawa, lakini nusu tu. Mtandao unaochukua kamisheni pande zote mbili unashindwaje kukagua kama faili la vekta lina vekta?

Huna Illustrator? Inkscape ni ya bure na ina mwonekano huohuo wa mistari mitupu kwenye menyu ya View. Hata PDF yenyewe, ivute mpaka mwisho wa kuvutika: ukingo ukibaki mkali ni vekta, ukiona ngazi za vijiraba vya rangi ni picha. Dakika moja.

Ila ukishalalamika, jihadhari na marekebisho. Dizaina wangu alirudisha "vekta" baada ya muda mfupi sana, na safari hii mistari ilikuwepo. Tatizo: aliipitisha ile PNG kwenye ufuatishaji wa kiotomatiki, kompyuta inakisia yenyewe mistari kutoka kwenye picha. Duara la kawaida linahitaji nukta nne tu. La kwangu lilikuwa na sitini na ushee, ukingo umetafunwatafunwa kama muhindi. Kwenye stika ndogo huoni. Kwenye bango la mita mbili, au mashine ya kudarizi inapofuata kila nukta, ni aibu.

Rangi nazo. Asali kwenye kioo cha simu ilikuwa inang'aa, kwa sababu faili lilikuwa RGB, rangi za mwanga wa vioo. Kwenye CMYK, rangi za wino wa kuchapia, ile chungwa ikafifia ikawa kama chai ya maziwa. Maandishi meusi yalikuwa mchanganyiko wa wino zote nne badala ya nyeusi peke yake, hivyo "Uzito 500 g" kwa herufi ndogo lilitoka na kivuli kila pleti (bamba la kuchapia la wino mmoja) iliposogea kidogo. Fonti haikugeuzwa kuwa maumbo, kompyuta ya mchapaji ikaweka fonti yake. Omba nakala mbili: moja iliyogeuzwa, moja inayoharirika. Na ya rangi moja kwa ajili ya mhuri, watu huwa wanaisahau.

Sasa nyuki. Niliweka mashindano ya siri, washiriki hawaonani, na bado michoro minne ilikuja na nyuki yuleyule, mistari ileile mgongoni, bawa lilelile limepinda. Wote wamemchota kwenye ghala moja la picha. Siwalaumu sana: anayeshindwa halipwi hata senti, nani atachora nyuki kuanzia mwanzo? AIGA, chama cha wabunifu wa Marekani, kimekuwa kikiyakemea haya ya kufanya kazi kwanza na malipo kubahatisha, na hapa ndipo utaona ni kwa nini. Lakini leseni za maghala mengi haziruhusu picha kuwa alama ya biashara, na ukienda BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, kusajili nyuki ambaye mwingine anaweza kuwa naye, utajijua. Kila mchoro unaoingia fainali upitishe kwenye Google Lens au TinEye, zinazotafuta picha zinazofanana mtandaoni, kabla hujaupenda.

Na ile tiki ya "zawadi ya uhakika", yaani unaahidi kwamba lazima mshindi atalipwa, wanayokushawishi nayo ili madizaina wazuri wajitokeze? Ni kweli wanajitokeza. Ni kweli pia kwamba ukiiweka, umeaga kurudishiwa pesa.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo, maana wazo lililoshinda ni zuri kuliko chochote nilichowahi kuletewa hapa mjini. Herufi A imekuwa mzinga wa gogo unaoning'inia mtini, kama ile ya Tabora, na amechora mtu ambaye sidhani kama amewahi kuuona. Siri ni picha tatu za mizinga nilizoambatanisha kwenye maelezo, pamoja na sentensi moja: pembe sita za sega sizitaki. Walioleta sega niliwaondoa siku ya kwanza, waliobaki wakaanza kufikiri.

Kwa hiyo mawazo, ndiyo, nunua huko. Faili, usiwaamini kabisa. Au waamini, ila usibonyeze chochote kabla ya Ctrl na Y. Yangu ilikuja kuchorwa upya na kijana wa duka la stika kwa elfu thelathini, kwa kalamu ya kwenye programu, nukta kwa nukta, nikiwa nimesimama pembeni yake.

Nyota mbili. Ya tatu nilikuwa nawapa kwa ajili ya ule mzinga, nikakumbuka kikatuni.