Duka la vitu vya kale Bagamoyo: peni (sarafu ya kale ya Uingereza) ya askofu ni ya kweli, stori za mzee ndo za kuchuja

Jumamosi nilikuwa Bagamoyo nikaingia duka moja la vitu vya kale kule Mji Mkongwe, jina silitaji maana mzee ananijua sura na bado nataka kurudi. Mbele kuna vinyago na makasha ya mtalii, hayo pita tu. Muulize kopo la maziwa lililo chini ya meza, humo ndo kuna sarafu.

Akanitolea kisarafu cha fedha, chembamba, hata ukucha wa dole gumba ni mkubwa. "Hii imeokotwa kwenye magofu ya Kaole mwanangu, ya masultani." Nikamwambia shikamoo tena mzee wangu, masultani wa Kilwa walipiga hasa za shaba na maandishi ya Kiarabu, hii ina kichwa cha mtu na taji na herufi za kizungu. Hapo hapo akageuza, basi ya wamisionari, na huyo mwenye taji ni askofu wao!

Kinachochekesha ni kwamba hapo alikaribia. Nyuma imeandikwa kwa Kilatini mji wa Durham, kaskazini mwa Uingereza, na maaskofu wa kule enzi hizo walikuwa watawala kabisa, mfalme aliwaachia mamlaka kwa vile ni karibu na mpaka wa Scotland, sasa fikiria askofu wetu awe pia mkuu wa mkoa, ana mahakama, ana askari na ana katawi kake ka Benki Kuu ka kupiga sarafu. Ila kichwa ni cha mfalme Edward, askofu hakuweka sura yake, aliweka alama tu. Kwenye hii mkono mmoja wa msalaba ulio nyuma umepinda juu kama fimbo ya askofu, na alama hiyo alitumia Richard Kellawe, askofu wa 1311 mpaka 1316. Wenzake walikuwa na zao, Beaumont aliyemfuata aliweka simba. Mi hako kamkono kalikopinda ndo kaliniua, nikakaangalia mlangoni kwenye mwanga mpaka mzee akaanza kupandisha bei.

Alianza laki tatu, tukaishia laki na themanini. Na hapa nampa sifa zake, aliniruhusu nikaipime kwa sonara wa mtaa wa pili kabla sijalipa, simu yangu ikabaki rehani. Gramu 1.3. Peni za wakati ule zikiwa mpya zilikaribia 1.4 kwahiyo imelika kidogo tu.

Reale zake za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha zenye sura ya malkia wa Austria, usinunue. Kazisugua na dawa ya kung'arishia shaba zinawaka kama sufuria ya harusi, mkusanyaji yeyote atazikataa, halafu anauza bei ya juu eti "ona, 1780". Mzee, zote zimeandikwa 1780! Mama wa watu alifariki mwaka huo na wakaendelea kuzipiga kwa mwaka huohuo miaka na miaka, kwahiyo tarehe haikwambii kitu.

Risiti hatoi, labda umkazie sana, na lipa namba hana, nenda na keshi. Ukimkuta anapiga kahawa barazani mwache amalize kwanza, bei inashuka.