Fundi wa mikanda nyuma ya soko la Majengo

Kama bado una mikanda ya video ya VHS kabatini, soma hapa kwanza kabla hujampa mtu akuhamishie kwenye flashi. Mimi nilikuwa na miwili: harusi ya dada yangu ya mwaka 1996, na mwingine usio na maandishi ambao kaka alikaa nao Tanga miaka mingi.

Ule wa harusi niliwahi kuupeleka duka moja, silitaji. Saa moja haijaisha wananipigia niufuate. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka! Mkanda wa E-180 ni wa saa tatu na hauna njia ya mkato. Ukitaka uhame wote, deki itaucheza saa tatu kamili. Nafungua flashi nyumbani, nakuta wamerekodi TV kwa simu. Ukitazama vizuri unamwona jamaa mwenyewe kwenye kioo, anakula chipsi.

Safari hii nimekwenda kwa fundi mmoja nyuma ya soko la Majengo, Dodoma, kibanda chenye maredio yaliyofumuliwa mpaka mlangoni. Anatoza 15,000 kwa mkanda, flashi unakuja nayo. Rahisi siyo, ila deki hazitengenezwi tena. Funai ya Japani, ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016. Deki yake ikifa, anatafuta nyingine mbovu aitoe vipuri.

Kilichonifanya nimwamini ni ule mkanda wa Tanga. Wa harusi, uliokaa Dodoma muda wote, aliupuliza vumbi tu akautumbukiza. Huu aliuinamisha kwenye mwanga, akanionyesha kwenye kidirisha: unga mweupe pembeni mwa utepe, kama umemwagikiwa unga wa muhogo. "Dada, huu siuweki hivihivi. Ukungu ukiingia kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, mikanda ya wenzako nayo itaupata." Akafungua skrubu zake tano na kuanza kuufuta taratibu kwa kitambaa. Nilisubiri siku nne, na sikumlaumu.

Nilikomlaumu ni kwenye harusi. Aliijaza picha kioo kizima, wakati kamera za enzi zile zilitoa picha iliyokaribia mraba. Basi dada yangu, aliyekuwa mwembamba kama ufito, akatokea na mashavu ya mama wa watoto sita. Shangazi zangu wa Mvumi wanapiga muheme, ngoma ya Wagogo, wamezibana ngoma mapajani, na mdomo wa kila ngoma umekuwa yai lililolala. Juu yake akabandika wimbo wa kisasa na mioyo inayozunguka. Nani alimwomba mioyo? Muheme ndio niliotaka kuusikia.

Nilirudi nayo. Alinuna kidogo, akasema wateja wanapenda picha ijae. Lakini aliirudia bure, safari hii ikiwa na weusi kushoto na kulia, na sauti ile ile ya siku ile, pamoja na mtoto anayelia karibu na kamera. Chini kabisa kuna mstari unaotetemeka; alinieleza kuwa ndivyo mkanda ulivyo, TV za zamani ziliuficha tu. Chenga zipo pale watu wanapoingia ukumbini, basi.

Ukienda, mwambie mapema: usivute picha, usiweke muziki, na nipe faili la MP4. Asipoambiwa anachoma DVD, na kompyuta yangu haina hata pa kuitumbukiza. Mikanda midogo ya kamera isiyoingia kwenye deki hapokei, labda uje na kamera yake.

Na ule wa Tanga? Saa mbili na zaidi za mieleka ya Marekani iliyorekodiwa kwenye TV. Katikati, dakika nne, baba yupo shambani kwa zabibu, anamwonyesha mtu jinsi ya kukata matawi, anacheka. Halafu mieleka inaendelea. Nimemtumia kaka zile dakika nne. Amejibu anaomba na mieleka.