Hamlet in Purgatory: nimemsubiri Hamlet mpaka chai ikapoa

Mambo vipi wadau, karibuni tena mezani kwangu. Mzigo wenyewe ndo huu, Hamlet in Purgatory cha Stephen Greenblatt, kilitoka 2001 pale Princeton, na kabla hamjauliza, purgatory ni ile ile toharani ya katekisimu, mahali roho zinatakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Sasa wewe ukisikia Hamlet, yule mwana wa mfalme kwenye tamthilia ya Shakespeare, yuko toharani unategemea kumkuta nani humu ndani? Si Hamlet? Haya, kitabu kina sura tano, na Hamlet anakuja kukaa vizuri sura ya tano. Ya tano jamani! Nafunua, najisemea labda ukurasa unaofuata, labda unaofuata, chai imepoa, mtu hayupo.

Greenblatt mwenyewe simtambulishi sana, profesa wa fasihi wa Harvard, tunaruka.

Ila dibaji, aisee. Jamaa ni Myahudi, mzee wake alipofariki wakakuta ameacha hela kwa taasisi fulani wamsomee kaddish, ile sala wanayosoma wafiwa, kwa sababu hakuwaamini wanawe wa kuwazaa kwamba wataisoma. Basi Greenblatt akaanza kuisoma mwenyewe, na anakiri kulikuwa na upendo na kisirani humo humo. Hapo nikanyamaza kidogo. Bibi yangu kila mwezi wa kumi na moja alikuwa ananiandikisha majina ya marehemu kwenye bahasha ya parokia ili waombewe, mimi nikilalamika orodha ndefu, yeye anasema andika, huyo naye alikuwa mtu.

Haya sura ya kwanza. 1529, Simon Fish anamwandikia mfalme Henry VIII kijitabu kwa sauti ya ombaomba, kwamba wanakufa njaa sababu watawa wanachukua sadaka yote kwa kutishia watu na toharani. Na jamaa ana hesabu, ngoja nitoe simu tupige wote: parokia 52,000, kila moja nyumba 10, inakuja 520,000. Mashirika matano ya watawa, kila moja peni moja kila robo mwaka, ishirini kwa mwaka kwa nyumba. Zidisha, halafu gawa kwa 240, maana pauni ya zamani ilikuwa peni 240, upate pauni... 43,333 na ushee. Inatoka kabisa! Tatizo Uingereza parokia hazikufika hata elfu kumi, ila nani angehesabu. Thomas More akamjibu mwaka huo huo, yeye akaandika kwa sauti ya roho zenyewe zikilia motoni kwamba mnatusahau. Ombaomba dhidi ya marehemu, kila mmoja anagombea peni ile ile.

Sasa sogea karibu, hiki ndo kipande kilichofanya nisirudishe kitabu. Mzimu wa baba yake Hamlet unasema umehukumiwa kutembea usiku kwa muda fulani na mchana kufungwa motoni mpaka madhambi yake yaungue yatakasike. Muda fulani! Jehanamu haina muda fulani, ukiingia umeingia. Halafu unalalamika uliuawa bila komunyo, bila mpako wa mafuta. Halafu Hamlet anaapa kwa Mtakatifu Patrick, wakati pango lake kule Lough Derg, Ireland, watu walilijua kama mlango wa toharani. Halafu mzimu unaongea chini ya jukwaa, Hamlet anasema kwa Kilatini hic et ubique, hapa na popote, maneno yaliyokuwa kwenye sala za kupita makaburini kuombea waliolala. Vinne hivyo, onyesho moja, na neno toharani halitajwi hata mara moja kwenye tamthilia nzima. Kwa nini? Kwa sababu 1547 serikali ilishafunga vikanisa vya misa za marehemu, na 1563 kanisa la Uingereza likaandika kwamba toharani ni kitu cha kubuni. Yaani huyo baba ametoka mahali ambapo Uingereza ya Shakespeare imeshafuta.

Na bado hapo! Roho ya toharani kazi yake ni kuomba misa, hii inaomba mtu auawe. Kijana Hamlet amesoma Wittenberg, kwa Luther huko, yule Mprotestanti aliyeikataa toharani, atamwombeaje baba yake? Greenblatt hakupi jibu, anakuacha nalo. Mwanzo nilipanga nyota tatu, sasa hivi nasema nne, sijui, nne na nusu.

Mkinambia Will in the World ya 2004, ile ya Greenblatt kuhusu maisha ya Shakespeare, ni tamu zaidi, kweli, inasomeka kama hadithi, ila mle mna labda nyingi sana, Hamnet, mtoto wa Shakespeare, kafa 1596, basi labda hivi labda vile. Na The Swerve yake ya 2011 ina tuzo ya Pulitzer lakini zama za kati amezipaka masizi, wataalamu walimjia juu. Cha ajabu ni kwamba huku, miaka kumi kabla, kazichora kwa upole kabisa.

Bei? Nimechukua mtumba, usafiri umezidi kitabu chenyewe na jalada limefika limekunjwa kona, oneni. Ukiazima kwa mtu, anza na sura ya tano halafu rudi ya kwanza.

Waliouliza kuhusu maiki, ndio nimebadilisha. Video ijayo ni Eamon Duffy, The Stripping of the Altars ya 1992, tofali kweli kweli, kwa hiyo msinidai wiki ijayo.